Zulia la Jirani

Nilizaliwa na ugonjwa wangu. Daktari alimwambia baba kuwa ni wa kurithi, na walio nao ni wachache mno. Kila wiki mbili nilipelekwa hospitali ya Nizwa, hapa Omani, kutiwa dawa kwenye mshipa. Bima ya kazi ya baba ililipa sehemu kubwa. Iliyobaki ilikuwa juu yetu, na ilitushinda. Muuguzi akatuelekeza kwenye jumuiya ya kheri inayowalipia wagonjwa sehemu hiyo. Baba akajaza fomu, tukaambiwa atakuja mtu kijijini kwetu Fanja kutazama hali ya nyumba.

Bibi, mama yake baba, alisikia neno moja tu: mgeni.

Asubuhi ile alimtuma baba kuazima zulia jekundu la jirani. Akafukiza udi, akapanga halwa na tende.

"Mama, anakuja kutazama shida yetu," baba alisema, zulia begani.

"Na aitazame, lakini akae pazuri. Au weye umelelewa porini?"

Kisha akanigeukia mimi, akaviona vidole vyangu vilivyovimba viungo. "Ficha vidole, mwanangu. Tusimtie mtu huruma."

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, naye wazee wake walitoka Unguja kama wetu. Alimwamkia bibi shikamoo, akakaa juu ya zulia. Bibi akammiminia kahawa mara tatu.

"Nyumba yenu nzuri, mama. Mnaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Hatujapungukiwa na kitu."

Ndivyo alivyofunzwa kumjibu mgeni. Baba alitazama miguu yake. Mimi nilijua zulia si letu. Nikazidi kuificha mikono yangu chini ya leso. Mgeni akaandika, akafunga faili lake.

Barua ilipokuja, ilisema familia yetu inajiweza. Baba aliisoma mara mbili, akampa bibi, ambaye hakuipokea.

"Nilimkaribisha tu," alisema.

Baba aliomba tena, lakini maombi yalisubiri zamu yake. Wiki za dawa zikapita bila dawa. Vidole vyangu vilianza kukunjika, vikabaki hivyo. Baadaye miguu nayo ikakaza, kizingiti cha mlango wetu kikawa juu mno kwangu, baba akawa ananivusha kwa kunibeba. Bibi alikuwa akigeuza uso kila tukipita.

Yule mwanamke akaja mara ya pili. Siku hiyo bibi hakuazima zulia, na hata mkeka wetu aliukunja akauweka chumbani. Mgeni alikaa sakafuni. Bibi akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki.

"Mnaendeleaje, mama?"

Bibi alikuja akakaa karibu yangu, akaifunua leso niliyojifunika, akaichukua mikono yangu yote miwili na kuiweka mapajani kwa mgeni. Mgeni aliishika. Kisha akalifungua faili lake, akaandika.

Msaada ukaja. Sasa natiwa dawa kila wiki mbili, na ugonjwa umesimama pale ulipofika. Vidole havikurudi, ndiyo maana kuandika kunanichukua siku nyingi.

Siku ile ya pili, mgeni alipoondoka, nilijikokota hadi jikoni. Juu ya jiko palikuwa na dele la kahawa, ya moto, inanukia hiliki. Bibi aliipika na hakuthubutu kumtolea mgeni.

Tukainywa sisi wawili, yeye akinishikia kikombe.