Jina Ambalo Mke Wangu Halitamki

Kosa nitakalolieleza ni la mtu anayependa kushinda hoja kuliko kusaidia. Nimelikemea kwa wanafunzi wangu miaka mingi. Siku hiyo lilikuwa langu.

Mke wangu ni Muha wa Kalinzi, na alivyolelewa, mke halitamki jina la baba mkwe wake. Tangu tuoane anamwita baba yangu "Mzee", na akimzungumzia kwa wengine husema "mwenye nyumba". Mimi, mtu wa Ujiji niliyesoma vitabu, nilimwambia mara kadhaa kwamba kumwita mtu kwa jina lake ni jambo moja, na kulitaja jina lenyewe ni jingine. Anayelitaja tu hamvunjii mwenyewe heshima. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaendelea kutolitamka.

Asubuhi moja, nikiwa safarini Kasulu, pumu ilimbana baba. Mke wangu akampakia kwenye bajaji hadi hospitali mjini, na kwa haraka akasahau kadi ya baba ya hospitali nyumbani. Dada wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa ili afungue faili. Baba alikuwa akihema tu, neno halitoki. Mke wangu akanipigia simu.

"Mwalimu, wananiuliza jina la Mzee."

Ningelisema, yakaisha. Badala yake nilianza somo. Nilimweleza, kwa mpangilio, kwamba dada yule hamwiti mtu, anaandika. Kwamba faili halina masikio. Kwamba hii ndiyo nafasi yake ya kuelewa. Alikuwa akilia, nami nikapandisha sauti.

Kisha nikasikia sauti nyingine. Mama mmoja kwenye foleni, aliyetoka Katonga na ndoo yake ya samaki, migebuka wa ziwani, alikuwa ameichukua simu.

"Mwalimu, salamu baadaye," alisema. "Wewe jina la baba yako amekukataza nani?"

Nikalitaja. Akalipaza hadi mapokezi, na baba akaingizwa ndani kuwekewa oksijeni.

Jioni nilimkuta ameketi kitandani, mke wangu akimnywesha uji. Nilimwomba mke wangu radhi mbele yake. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ananiheshimu bila hotuba," alisema.

Siku hizi jina hilo likiulizwa, mke wangu hunitazama tu, nami hulisema upesi. Yule mama hatukuwahi kumuuliza lake. Hatuna jina la kumwitia tukikutana naye, lakini nyumbani tunamtaja mara nyingi, kwa lile tulilompa wenyewe: Mama Migebuka.