Bi Mastura Apanga Upya Daftari la Maradhi

Saa moja asubuhi, Kilwa Kivinje. Nyuma ya nyumba ya dawa Bi Mastura binti Salumu anaanika bendeji. Amezifua kwa majivu, amezichemsha, sasa anazinyoosha moja moja kwenye kamba. Hajamaliza kamba ya pili, mwanamke anaingia uani na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, bibi. Huyu tangu jana jioni hajakojoa."

"Marahaba. Kinywa kikoje? Kikavu? Aliharisha?"

"Aliharisha juzi, ikakoma yenyewe."

Bi Mastura anafuta mikono kwenye kanga, anachukua daftari lililo juu ya pipa, anapitisha kidole ukurasa wa mbele, anafunua mara moja tu. "Uji mwepesi wa mchele, tia chumvi kidogo. Kijiko kimoja kimoja, hata akitapika. Kaa hapo kivulini, usiondoke mpaka akojoe."

Kabla ya adhuhuri mtoto amemlowesha mama yake, na uani watu wanacheka.

Kazi hiyo ya kutibu hakuandikiwa. Aliajiriwa kufua, kwa rupia nne kwa mwezi. Lakini daktari wa Kidachi, yule Mjerumani, akienda bara hukaa wiki tatu hata nne, na watu wameshajua kwamba mfuaji ana daftari.

Daftari lina maradhi arobaini na moja. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, alizofundishwa na marehemu baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Mitole. Elimu iliyomo, anasema, ni ya shangazi yake, Bi Maftaha, mganga wa mitishamba aliyekuwa akiitwa kutibu hata milimani Umatumbi.

Kabla ya vita, Mastura akiwa mwari, alimfuata shangazi huyo kijiji hadi kijiji, akiandika kila alichosikia.

"Shangazi hakuweza kutaja dawa bila kisa," anasema, na uso unamchangamka. "Ukimuuliza safura, atakuanzia na arusi aliyokwenda, wali ulivyoungua, na nani alinuna. Safura yenyewe utaikuta mko njiani kurudi. Nami niliandika yote, hata wali."

Mwaka wa 1905 Maji Maji ikawaka. Maghala yalichomwa, na baada ya bunduki ikaja njaa. Bi Maftaha alifika Kivinje kwa miguu, amebaki mifupa. Alifariki mwaka wa 1907 kwenye mkeka wa Mastura.

"Daftari ndilo lililonibakia. Nikilifungua nilikuwa namsikia anavyokohoa kidogo kabla ya kuanza kusimulia. Siku nyingine nililisoma tu, hakuna mgonjwa, hakuna nini."

Miaka miwili iliyopita, mambo yakageuka. Jirani yake, Mwahija, alimletea mwanawe Ahmadi, mtoto wa miezi kumi. "Dada," alisema, "macho ya mwanangu yamezama."

Mastura alitafuta macho. Akakuta kisa kirefu cha kipofu wa Kipatimu na dawa ya kuoshea tongo. Akamwosha mtoto macho. Mwahija hakutaja kuhara, kwani kulikuwa kumekoma, na Mastura hakuuliza. Maneno yenyewe, "macho yakizama, mtoto amekauka, mpe maji upesi," yalikuwamo katika daftari lile lile, kurasa thelathini mbele, katikati ya hadithi ya arusi. Aliyaona alasiri. Ahmadi alikuwa ameshafariki.

"Mwahija hakunilaumu. Alisema ni kudra ya Mungu. Mimi najua nilikuwa nayo dawa mkononi, nikashindwa kuiona."

Baada ya matanga alikata uzi wa daftari, akatandaza kurasa sakafuni.

Tomaso, mfunga vidonda wa nyumba ya dawa aliyesomea misheni, alimshauri afuate vitabu vya Wadachi. "Bi Mastura, panga kwa herufi. Anza na A."

"Mwanangu," akamjibu, "mgonjwa haji kwangu na A. Anakuja na tumbo."

Tomaso hakuudhika, aliketi naye. Walibishana mwezi mzima, na wakakubaliana hivi: kurasa za mbele ziwe za maneno ya wagonjwa wenyewe, "macho yamezama", "hakojoi", "shingo haikunjiki", na kila neno lionyeshe kurasa zote zinazolihusu, si ukurasa mmoja tu. Kila ugonjwa upate ukurasa wake, na dalili ya hatari iwe juu kabisa kwa wino mwekundu. Chini yake majina: pwani wanauitaje, Wamatumbi wanauitaje, Wamwera je. Kisha ugonjwa unaofanana nao, na swali la kuutenganisha. Ndipo tiba, na yasiyofaa kufanywa.

Visa vya Bi Maftaha havikupata mahali.

Hapo Bi Mastura anakunja bendeji iliyokauka, anaikunjua, anaikunja tena. "Nilimtoa shangazi yangu ukurasani kwa mkono wangu mwenyewe. Mstari baada ya mstari. Tomaso alisema tuvichome vile vya zamani, karatasi zinajaza mende. Nikamwambia, thubutu!" Kurasa za zamani zimo kwenye kasha la nguo, zimefungwa kwa kitambaa. Siku za Ijumaa huzitoa, akasoma kidogo, akazirudisha.

Mwahija ndiye aliyelijaribu daftari jipya. Alijifunza herufi kwa ajili hiyo tu. Mastura alikuwa akijifanya mgonjwa, akitaja maneno mawili matatu, na Mwahija akitafuta. Aliposhindwa, ukurasa uliandikwa upya. Ukurasa wa kuhara uliandikwa mara tisa.

Sasa Bi Mastura ananakili nakala ya pili. Baada ya mfungo wa Ramadhani anataka kuipeleka Mitole, mahali ambapo hajakanyaga tangu vita, amkabidhi mwalimu wa chuo, Abdulatifu. Ya tatu anaitakia kisiwa cha Songo Songo, ambako mgonjwa huvushwa kwa mtumbwi na mara nyingi hafiki.

Pembezoni mwa kila ukurasa ameacha upana wa vidole vitatu bila kuandika kitu. Tomaso alimwambia anapoteza karatasi.

"Sipotezi," anasema Bi Mastura. "Huko Mitole wapo akina mama wanaojua nisiyoyajua. Wakikuta nimekosea, waandike hapo."