Karatasi Alizotoa Qu Yulan

Nasema tena, na wa kununa anune: Qu Yulan hakuwa mwizi. Miaka kumi na mmoja alisafisha choo cha wanawake pale lango la mashariki la bustani yetu hapa Beijing, na sijawahi kumwona akiondoka hata na kipande cha sabuni.

Wezi walikuwepo, sikatai. Tulikuwa sisi wastaafu, tunaokuja asubuhi kucheza na kunyoosha viungo. Mtu akimaliza mazoezi anapita chooni, anavuta tishu za bure mpaka mkoba unavimba, huyo nyumbani. Tumekulia enzi za kuponi za mchele, chakula kikitolewa kwa mgao, kitu cha bure hatukiachi. Uongozi ukaleta mashine ya tishu ya ukutani, yenye kamera inayotambua sura. Unavua kofia, unavua miwani, unaikodolea macho, nayo inakutemea sentimita sitini. Ukirudi kabla ya dakika tisa inakwambia kwa sauti ya upole, "Tafadhali jaribu tena baadaye." Baadaye! Tumbo la kuhara linajua baadaye?

Mimi lilinikuta. Sitini zangu ziliisha na shughuli bado mbichi.

"Dada Qu! Nimekwama huku, nisaidie!"

"Punguza sauti, bustani nzima inakusikia. Umekula nini?"

"Nimekunywa maziwa ya soya ya jana."

"Mvi zote hizo na akili bado hujapata!"

Nikasikia mashine inalia, kisha karatasi ikapenya chini ya mlango. Aliitoa kwa uso wake mwenyewe. Na si kwangu tu. Wajawazito, vikongwe, mama mwenye mtoto aliyejichafua, wote alisimama kwa niaba yao mbele ya kile kidude, siku nzima, kila dakika tisa zikitimia.

Mwezi ulipoisha mashine ikataja uso uliochukua karatasi nyingi kuliko zote. Wa Qu Yulan! Meneja Geng, aliyehamia kwetu juzijuzi tu, hakumuuliza hata neno. Alibandika picha yake mlangoni na maandishi makubwa: HUYU ANAIBA MALI YA UMMA. Yaani mama wa watu anapiga deki chini ya picha yake mwenyewe! Kisha akaamriwa aandike barua ya kujikosoa aje aisome mbele yetu, kama ilivyo desturi mtu akikosea kazini. Akikataa, kazi hana, na kile chumba cha wafanyakazi anamomuuguzia mumewe, watoke.

Jumatatu tukakusanywa baada ya mazoezi, watu kama arobaini. Qu Yulan alisimama na barua yake.

"Huyu anadai alikuwa akiwasaidia watu," Geng akasema. "Haya, nani alisaidiwa? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Niliwatazama mmoja mmoja. Kumi na wawili aliowasaidia nilikuwa nawajua kwa majina, na mimi wa kumi na tatu. Lakini mkwe wangu, mama yake mke wa mwanangu, alikuwa ubavuni kwangu. Kunyoosha mkono ni kumtangazia kwamba niliharisha nikalia msaada chooni. Nikaona haya. Haya ya kijinga, ya mtu mzima hovyo! Mkono wangu ukabaki mfukoni.

"Mmeona wenyewe?" Geng akasema. "Soma, mama."

Qu Yulan alitutazama. Alitujua wote kumi na watatu, na angetutaja ningesema ukweli, naapa. Akafungua barua, akasoma:

"Nilichukua karatasi za umma kwa tamaa yangu. Hakuna mwingine aliyehusika. Naomba mnisamehe."

Akaikunja. Barua ya kujikosoa ikishasomwa, watu hupiga makofi kuonyesha wameipokea. Geng akaanza kupiga, na sisi tukapiga. Nasema sisi kwa sababu na mimi nilipiga.