Mbwana wa Chumba cha Kusomea Hakumtaja Mtu

Tangu jana nashika simu, naiweka. Mbwana amefariki? Mbwana yupi? Nilimuuliza mwanawe mara tatu, kana kwamba kuna kitu ananificha. Inna lillahi. Ni kweli. Tumemzika jana alasiri.

Wengi mnaonifuata hapa hamkumjua. Miaka ya hamsini mimi nilikuwa karani kijana bandarini Tanga, naishi Makorora. Yeye alikuwa mtunzaji wa chumba cha kusomea cha serikali. Makabati manne, mabenchi, magazeti ya juzi.

Nilikuwa na tabia mbaya ya kusoma. Nikishika kitabu nakwenda kwanza ukurasa wa mwisho. Sikutaka mwandishi anizunguke. Mbwana akinitazama anacheka: "Kombo, wewe huchagui kitabu. Unakihoji kama askari!"

Siku moja akanipa kitabu kikubwa, kurasa za mwisho kazibana kwa pini. "Ukifika hapo, njoo nikufungulie." Nilikimaliza kwa siku mbili. Wallahi, ndicho kitabu cha kwanza nilichokisoma kwa raha.

Ukirudisha kitabu hakuachi uende hivi hivi. "Umekimaliza au kimekumaliza? Sasa unataka cha kuchekesha au cha kuumiza?" Ukijibu, anaandika kwenye daftari lake. Halafu anakwenda kabatini na kukuletea ambacho hukukiomba, na kwa kawaida hakosei.

Daftari lile ndilo lililonitia wasiwasi.

Zama zenyewe zilikuwa za kuogopana. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimeshaingia mjini, na sisi wa serikali tumekatazwa kujiunga. Ukifungua gazeti unatazama kwanza nani yuko nyuma yako. Nami nikaona jambo: kila Ijumaa asubuhi gari la Mzungu mmoja wa serikali, mkaazi wa Raskazone, linasimama mlangoni. Mbwana anatoka na bahasha, anarudi mikono mitupu.

"Ile bahasha ya nini?" nikamuuliza.

"Ripoti ya kazi," akasema, macho chini.

Mbwana hakuwa mtu wa kutazama chini.

Haukupita muda, Mzee Hizza, karani wetu mkuu, naye msomaji wa pale pale, akaitwa na wakubwa. Akaulizwa anasoma nini, anasoma na nani. Wiki ile ile akapewa transfa ya Lindi, yeye na watoto sita. Nani alimtaja? Mpaka leo sijui.

Lakini siku ile nilijiona najua. Jioni barazani, kahawa mkononi, nikasema: "Mnatafuta nini mbali? Kaulizeni kule kwenye daftari la Mbwana."

Neno moja tu, jamani.

Mwezi haukuisha, mabenchi yakawa matupu. Mbwana akija kunywa kahawa, watu wanakumbuka shughuli zao. Mkewe alipeleka sahani ya vitumbua kwa jirani, ikarudi na kawa lake juu, haijafunuliwa.

Mimi sikuacha kwenda. Nilikwenda ili nimkamate.

Siku moja nikakuta ametoka kuswali alasiri, droo ya meza yake haikufungwa vizuri. Nikaivuta. Nakala za ripoti hizo hapo, kwa kaboni, miezi na miezi. Majina yetu sote yamepangwa, na mbele ya kila jina, alichosoma mtu. Nikatafuta jina langu.

Kombo: kitabu cha kufuga kuku.

Mzee Hizza: kitabu cha kufuga kuku. Mwalimu mmoja aliyekuwa hasomi ila siasa: kilimo cha mihogo. Ukurasa kwa ukurasa. Kwa mujibu wa karatasi zile, Tanga nzima ilikuwa haina hamu ya kitu ila kuku na mihogo.

Na kile kitabu cha kuku nilikijua. Kilikuwa na vumbi la kuandikia jina.

Mbwana akanikuta nimezishika. Hakupiga kelele. Akafunga mlango.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningekuambiaje? Nilidhani wewe ndiye uliyemtaja Mzee Hizza. Mlikuwa ofisi moja."

Nikakosa pa kuuweka uso. Nikamwambia nakwenda barazani sasa hivi kuwaeleza watu.

"Usithubutu! Ukiwaambia watu ishirini, mmoja atamfikishia Mzungu. Wacha wanichukie. Majina yaliyomo humo ni yao."

Nikamtii. Nililofanya ni moja tu: kila nikitoka kazini nakwenda kuketi naye nje ya kile chumba, watu wakituona. Wengine wakaacha kunisalimu na mimi.

Uhuru ukaja. Hakukuwa na Mzungu wa kuogopa tena. Ningeweza kusema.

Sikusema. Kueleza ukweli wake kulikuwa ni kueleza na wangu, kwamba uvumi ule ulitoka kinywani mwangu. Kila mwaka nikasema mwakani. Yeye hakuniuliza hata siku moja. Akaendelea kunichagulia vitabu, na mimi nikaendelea kuvipokea.

Jana makaburini, mzee mmoja wa rika langu alimnong'oneza mwenziwe nyuma yangu: "Huyu alikuwa mtu wa Wazungu." Mwanawe Mbwana alikuwa karibu. Alisikia. Hakugeuka, aliendelea kufukia.

Nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Basi someni vizuri, na mwenye babu yake wa Tanga amsomee. Mbwana hakumtaja mtu. Alitudanganyia Wazungu ili tusome tunachotaka, akabeba aibu isiyo yake miaka zaidi ya sitini. Aliyemsingizia ni mimi, Kombo. Kesho kwenye hitima nitasimama niyaseme haya mbele ya wanawe, na wakinifukuza ni haki yao.

Mbwana, ndugu yangu, nimechelewa sana. Nisamehe. Lala sasa, upumzike. Lililobaki la kusema, nitalisema mimi.