Chombo Kilichokwama Kwenye Koo la Mwezi

Juzi nilicheka mpaka mjukuu wangu akasimamisha filamu kwenye simu. "Bibi, watu wanakufa hapa, wewe unacheka?" Nikamwambia rudisha nyuma nisikie tena. Akarudisha. Yule mtafsiri anayeongea juu ya sauti za wazungu akapiga kelele: "Kapteni, chombo kimekwama!" Nikacheka upya, na mguu ukaniuma.

Mguu huo ndio ulionifunga hapa Uyole, kwa binti yangu. Niliteleza kwenye tope nikavunjika kifundo. Plasta wameshaitoa, lakini mguu umekakamaa kama gogo, na mazoezi niliyoambiwa nifanye siyataki, yanauma. Binti yangu ananijua. Akienda sokoni asubuhi anafunga geti, ufunguo anaondoka nao, nisije nikatoka na fimbo kwenda kutafuta shamba. Basi nakaa dirishani kama kuku wa kuatamia, nasikia malori yanapita kwenda kwa watu wenye miguu.

Nisikilize, rafiki yangu. Kufungiwa hivi sijaanza leo.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, pale Nyololo. Nikapata surua. Siku zile mtoto wa surua anawekwa ndani, dirisha linazibwa kwa gunia, jua halioni, na watoto wa watu haonani nao. Asubuhi nilisikia wenzangu wanapita kwenda shule, wanakimbia kwa sababu ya baridi. Mimi nilibaki na moshi wa kuni za miti ya miwati, maharage yanayochemka polepole, na bibi ambaye hakuwa na maneno mengi. Nikilia ananiambia, "Lia upande ule, huku napika."

Mwalimu wetu alikuwa jirani. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemwachia gazeti la hadithi za picha. Jioni mwalimu alisimama nje, akasogeza gunia kidogo, akanisomea. Ilikuwa sehemu ya tano. Zile za mwanzo hakuna aliyeziona kwetu. Humo mlikuwa na nahodha mnene na fundi wake, mbuzi anayevaa miwani na kujua hesabu, wanazunguka kwenye nyota wakitafuta chumvi. Sisi tuliwakuta tayari kwenye balaa. Mwezi uliona njaa, ukawameza. "Chombo kimekwama kwenye koo la mwezi!" mwalimu akasoma, kwa sauti ya mbuzi.

Bibi hakujua Kiswahili. Mimi ndiye niliyemgeuzia kwa Kihehe, na Kiswahili changu chenyewe kilikuwa cha osha vyombo, leta chombo. Chombo kwangu kilikuwa chungu au sufuria, basi. Nikamwambia bibi watu wale wanaruka ndani ya chungu, na chungu kimekwama. Bibi akaacha kukoroga.

"Kimekwamishwa na nini? Ukoko?"

"Hajasema."

"Ni ukoko. Mwambie mwalimu wamimine maji ya moto, waloweke, wangoje. Wasikwangue, watakitoboa."

Nikamfikishia mwalimu. Nikasikia amekaa chini ukutani, anacheka mpaka anakohoa. Hakutusahihisha. "Mwambie bibi nitawapelekea ujumbe," akasema.

Sehemu ile iliishia hapo hapo: nahodha kabanwa kooni, mbuzi kaangusha miwani, chini wameandika itaendelea. Mwalimu akaahidi akiipata ya sita ataileta. Upele ukapona, gunia likatolewa, nikajua sasa natoka. Baba akaja. Akatazama macho ya bibi yalivyokuwa yanaingia ukungu, akasema, "Huyu abaki na mama."

Mwalimu alikuja kuniombea. Niliwasikia uani. "Mzee, mtoto huyu kichwa chake chepesi." Baba akamjibu, "Na mama yangu haoni." Yakaishia hapo. Baadaye mwalimu akahamishwa. Siku ya kuaga mlango ulikuwa wazi, lakini lile gazeti alinipitishia dirishani, kana kwamba bado nina surua.

Shule yangu ikawa karatasi zile. Nilizibandika ukutani kwa uji mzito, zikazuia na upepo, nikazisoma herufi kwa herufi huku nachambua mboga, huku nasonga ugali. Nikiosha sufuria bibi ananiuliza, "Wametoka?" Namwambia bado, wanaloweka. "Wasikwangue," anasema. Siku nyingine mimi nilikuwa nahodha, yeye mbuzi asiye na miwani, na kwa kweli hakuwa anaona. Tulicheka sana, usidhani tulikuwa watu wa kununa tu. Lakini kuwatoa kooni sikukubali. Sikutaka watoke kabla yangu.

Bibi alifariki akiamini binadamu wanaruka kwa chungu. Nyumba ililala na mvua, ukuta pamoja na mbuzi wake ukawa tope. Mara ya mwisho nilipopita kwa basi, pale pamepangwa mbao za kuuza. Duniani sidhani kama kuna mwingine anayemkumbuka nahodha yule. Sehemu ya sita sijaiona mpaka leo.

Hayo nilimsimulia mjukuu wangu. Tukamalizia filamu yake, nayo ikaishia kapteni kanasa vilevile.

"Inayofuata lini?"

"Mwakani, Bibi."

"Mwakani! Waambie kuna mzee anasubiri."

Akaenda jikoni, akarudi na beseni la maji ya moto, mvuke unapanda, akamimina chumvi kiganjani mwake, akaitia kwenye maji na kuikoroga.

"Haya Bibi, chumvi imepatikana. Loweka chombo. Sikwangui."

Nikautumbukiza mguu. Nikajaribu kukunja kifundo; kikauma, nikakunja tena. Geti lilikuwa limefungwa bado. Nilitamani sauti moja tu kutoka upande wa jikoni iniulize kama wametoka. Ningemwambia bado, bibi, lakini ukoko umeanza kulainika.