Swali Ambalo Metito Hakulifikisha

Metito alikuwa mlinzi wa kituo kimoja cha afya upande wa Bonga, lakini kazi iliyompa heshima pale ilikuwa nyingine. Mgonjwa akifika kutoka Simanjiro bila Kiswahili, aliitwa yeye aache geti aje kutafsiri. Kituo kizima hakikuwa na mwanamke hata mmoja anayejua Kimaasai, na hilo nalo tusilifiche.

Asubuhi hiyo dereva wa bajaji alimleta mwanamke kijana kutoka mnadani, amejikunja, jasho linamtiririka. Aliitwa Naanyu. Metito akamwuliza ni wa nani, akajibu ni binti wa Sankok. Hapo Metito akanywea. Yeye na Sankok walitahiriwa pamoja, ni rika moja, na binti wa mwenzako wa rika ni binti yako. Anakuinamia umguse utosini, basi. Mambo ya mwili wake huyaulizi wala huyataji.

Tabibu Dorothea alimlaza, akamminya tumbo polepole. Maumivu yameanza lini? Alfajiri, ghafla. Wapi? Chini, kulia. Ametapika? Mara moja. Yote hayo Metito aliyapeleka na kuyarudisha vizuri kabisa. Kisha Dorothea akauliza mara ya mwisho aliona siku zake lini, maana vipimo vya mimba vilikuwa vimewaishia kituoni.

Metito akatazama dirishani. Akamwambia Naanyu avumilie kidogo, halafu akamgeukia tabibu.

"Siku zake ziko sawa," akasema. "Zimeisha juzi."

Wala hakuona kwamba amedanganya. Aliona ametunza adabu. Dorothea akaandika kidole tumbo, akamtundikia dripu, wakasubiri majibu ya damu. Kumbe mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, mrija umepasuka, na damu inavujia tumboni. Kufikia saa tano midomo ilikuwa imekuwa myeupe. Wakamkimbiza hospitali, akakata roho njiani, Metito amemshika mkono.

Habari za chanzo ziliporudi kituoni, Dorothea alilia mbele ya watu, akisema hakuuliza vizuri. Metito alikuwa hapo hapo, akasikia, akarudi getini kwake.

Kesho yake Sankok, akienda kuchukua mwili, alipitia kituoni kushukuru. Alisema mtoto wake hakufa mikononi mwa wageni, alikuwa na baba yake. Metito alitamani ardhi ipasuke.

"Tabibu aliuliza jambo la kike," akasema kwa sauti ya chini. "Sikumfikishia mtoto. Nilijibu mwenyewe. Angejibu yeye, angewahiwa akapasuliwa."

Sankok akavuta shuka lake begani.

"Hata mimi nisingemwuliza," akasema.

Akapanda gari bila kumpa mkono. Metito angeshukuru kama angempiga. Alisimama mpaka gari likapotea, kisha akaingia ndani kumtafuta Dorothea.