Bibi Harusi wa Ng'ambo ya Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwa wakati, na nusura nifukuzwe kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimeajiriwa kuendesha gari la maharusi katika ukumbi wa Wapakistani pale Schaerbeek, mtaa mmoja wa Brussels. Kadi ilisema saa nane mchana. Saa nane nikamshusha bwana harusi mlangoni, amevaa kilemba na sehra, yaani lile pazia la maua linaloning'inia usoni, na hapakuwa na mtu wa kumpokea isipokuwa mama mmoja akipiga deki.

Mwenye ukumbi, ambaye sote tulimwita Patron, alitoka jikoni mikono ya shati ameikunja. Alikuwa Mpakistani wa kuzaliwa Nairobi, na Kiswahili chake ndicho kilichonipatia kazi mimi mtu wa Bukavu.

"Nani alikwambia ufike saa hii?"

"Patron, ku carte mulisema quatorze heures. Donc niko hapa quatorze heures."

"Hiyo saa ni ya wageni wetu, ndio wakichelewa wafike saa kumi. Rudisha huyu kijana kwa gari. Zunguka mpaka watu wapatikane."

Nikamzungusha. Alipitiwa na usingizi, sehra ikamwingia mdomoni, akaamka akitema mawaridi.

Ninyi vijana mnaoambiwa na simu mpinde kulia hamjui kazi ile ilikuwaje. Barati, yaani msafara wa bwana harusi, haukuwa wa kuwahi popote. Mpiga dholi, ile ngoma yao nene ya kuvaliwa shingoni, alitangulia kwa miguu. Wajomba walicheza nyuma yake, nami nilikuwa nyuma ya wajomba, nimeshikilia klachi nusu ili gari litambae bila kuzimika. Kumgonga mjomba ilikuwa marufuku, na kumpita pia. Tramu ikitupigia kengele, Patron alitaka nijifanye gari limeharibika, nami nikawa bingwa wa kufungua boneti. Nadhani polisi wa mtaa ule waliamini kwamba gari langu ndilo bovu kuliko yote Brussels.

Baadaye nilipandishwa cheo, nikakabidhiwa gari la bibi harusi. Hapo kazi ni nyingine kabisa. Rukhsati ndiyo saa ya bibi harusi kuagwa kwao: anatoka chini ya Msahafu ulioinuliwa juu ya kichwa chake, anarusha mchele nyuma bila kugeuka, na analia. Mama analia, shangazi wanalia, dereva anatazama mbele. Mimi machozi yangu yako karibu, kwa hiyo Patron aliniwekea boksi la vitambaa vya karatasi upande wa usukani.

Kisha zikaja simu za video. Jamaa waliobaki Pakistani wakaanza kuhudhuria harusi wakiwa vitandani, simu ikipitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja na maoni yake. Mkubwa wao wote alikuwa Dadi, ndivyo wanavyomwita bibi mzaa baba. Huyu alikuwa mama yake Patron, aliyeishi Nairobi miaka mingi kabla ya kurudi kuzeekea kijijini kwao Punjab. "Wali imekauka," angesema kutoka huko, na mpishi wa Schaerbeek angekimbia kuongeza samli.

Mtihani ulikuja Patron alipomwoza bintiye Sana, ambaye kwa wakati huo ndiye alikuwa meneja wetu. Sana alikuwa mtu wa mambo ya haraka, hata mume hakumtafuta mbali. Huyo alikuwa kijana mpole mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara, akikaa ghorofani juu ya duka lake. Kutoka mlango wa ukumbi hadi mlango wake ni kuvuka tu.

"Basi nitavuka kwa miguu," Sana alisema.

Patron aliniita kando, uso umemshuka. "Bahati, mama yangu hawezi kupanda ndege tena. Amengoja kuona mjukuu wake akienda. Akienda, unasikia? Sio akivuka zebra. Nikimwonyesha hiyo, ni kama nimehamisha meza, sio kuoza binti."

"Bon, Patron. Uniachie mimi."

Jumapili ile Sana alitoka chini ya Msahafu na kurusha mchele, lakini hakulia. Alicheka na kupungia watu, shangazi zake wakalia kwa niaba yake. Nikaitega simu kwenye dashibodi, kamera ikitazama nje, Dadi yumo ndani yake amejifunika shali, nikashika njia ya Koekelberg. Bwana harusi aliuona mlango wa nyumba yake ukipita dirishani, akageuza shingo kuusindikiza.

Nikaizunguka Basilika, lile kanisa kubwa lenye kuba la kijani. Nikaizunguka tena.

"Dereva," Dadi akasema kwenye simu. "Hiyo kichwa ya kijani mimi nimeona."

"Ni ingine, Maman. Huku ziko mingi."

Nikazunguka tena, maana uongo nilishauanza.

"Na hii pia nimeona. Na yule mzungu na mbwa yake. Mbwa imechoka."

Sana akaangua kicheko kule nyuma. Heshima ya Patron mbele ya mama yake ilikuwa mikononi mwangu, na nilikuwa nimeimwaga. Nikasimamisha gari.

"Maman, pardon. Bwana yake anakaa mbele ya salle ya harusi. Tulitaka tu uone safari."

Dadi akaisogelea simu hadi uso wake ukajaa kioo.

"Mimi niliolewa na mtoto ya baba mdogo," akasema. "Nyumba yao na yetu, ukuta moja. Baba aliambia watu ya kubeba machela ya bibi harusi wanizungushe mashamba yote, ndio mama apate nafasi ya kulia. Mimi ndani nilikuwa nacheka. Tuliporudi, mama alikuwa bado amesimama pale pale." Akavuta shali. "Sana, baba yako iko wapi?"

"Nimemwacha mlangoni, Dadi."

"Basi dereva, zungusha tena. Muache amalize."

Kicheko cha Sana kikakatika. Nikampitishia boksi la vitambaa, kisha nikamwomba anirudishie kimoja.

Tuliporudi, Patron alikuwa bado mlangoni, mchele mabegani, macho mekundu. Alilitazama gari likiegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Mbona mmerudi haraka?" akasema.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza kama simu zimewaharibia Wapakistani mila zao, nami huwajibu wamuulize Dadi, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi yangu kwa simu, tena nikiwa karibu kuiacha.

Binti yangu Neema ameolewa Saint-Gilles, hapa hapa Brussels. Jumapili anakula kwetu, kisha namrudisha kwake kwa gari. Mwanzoni alikuwa akishangaa.

"Papa, mbona tunapita Koekelberg? Kwangu ni kule."

"Iko travaux kule, mama, wanachimba barabara."

Siku hizi haulizi. Anavua viatu, anaegemeza kichwa dirishani, na kuba la kijani linapita. Likipita mara ya pili huniambia, macho ameyafumba, "Papa, hizi travaux ziko murefu."

Nami humwambia bado hawajamaliza.